Stesheni Noma Zaidi New York Haina Abiria

Wasee, leo tuongee kuhusu uzinduzi. Ule wa hema nyeupe, viti vya plastiki, utepe mwekundu na mkubwa fulani ameshika makasi kama ameshika kombe la dunia. Lakini sitaanzia hapa kwetu. Nitaanzia New York, chini ya ardhi, kwenye stesheni ya treni inayoitwa City Hall. Ilifunguliwa tarehe 27 Oktoba 1904. Watu wengi wanaojua historia ya treni za huko watakuambia hiyo ndiyo stesheni tamu zaidi mji huo umewahi kujenga. Matao kila mahali, vigae vya rangi ya krimu na kijani, taa za shaba zinaning'inia kutoka juu, na vioo kwenye dari vinavyoingiza mwanga wa jua mpaka chini ya barabara.

Na ilifungwa tarehe 31 Desemba 1945. Miaka 41 tu. Haikuungua, haikulipuliwa, haikuporomoka. Ilifungwa kwa sababu watu hawakuwa wanaitumia.

Hiyo kitu hunisumbua. Mbona stesheni nzuri kuliko zote ndiyo ilikufa, na zile za kawaida pembeni yake bado zinabeba watu mpaka leo? Jibu linafaa kila kijana anayeishi mjini, anayepanga laini ya mat jioni na kujiuliza hizi vitu za umma hujengewa nani.

Kwanza, picha ya mji wenyewe

New York ya miaka ya 1880 ilikuwa imejaa mpaka inamwagika. Meli zinaleta wahamiaji kila siku, watu wanabanana kwenye vyumba vidogo upande wa kusini wa kisiwa cha Manhattan, na barabarani ni farasi, mikokoteni, matramu na samadi. Kulikuwa na treni zilizopita juu kwenye nguzo za chuma, lakini hizo zilikuwa na kelele na zilitegemea hali ya hewa.

Halafu ikafika Machi 1888. Dhoruba ya theluji ikapiga mji kwa siku kadhaa. Treni za juu zikakwama huko huko juu zikiwa na watu ndani. Mji mzima ukasimama. Mamia ya watu wakafa kwenye miji ya upande huo wa Marekani. Baada ya hapo, story ya treni kupita chini, mahali theluji haifiki, ikaacha kuwa ndoto ya mainjinia peke yao.

Lakini kati ya wazo na jembe kuna siasa, na siasa haijawahi kuwa na haraka popote duniani. Sheria ya kuruhusu mradi ilipita 1894. Kuchimba kulianza Machi 1900, mbele ya jumba la meya, yaani City Hall yenyewe, na meya wa wakati huo, Robert Van Wyck, akapewa sepetu ya fedha achimbe udongo kidogo. Ndiyo, fedha ile ya mapambo. Unaona sasa? Hata kabla shimo halijakuwa shimo, sherehe ilikuwa tayari.

Upate hesabu ya wakati: reli ya kutoka Mombasa ilifika Nairobi 1899, na ikafika ziwani Kisumu 1901. Kwa hivyo wakati hapa kwetu Nairobi ni kambi ya reli yenye mahema na matope, New York walikuwa wanapasua barabara zao kutafuta njia ya chini.

Nani alichimba

Njia yao ilikuwa rahisi kuelezea na ngumu kufanya. Unafungua barabara kutoka juu, unachimba mtaro mkubwa, unajenga sanduku la chuma na zege ndani, unafunika, barabara inarudi. Huku juu maisha yanaendelea, watu wanatembea kwenye mbao. Sehemu zingine mwamba ulikuwa juu sana, kwa hivyo walipasua handaki kwa baruti.

Waliofanya hiyo kazi walikuwa wengi wao wahamiaji. Waitaliano, Waairishi, na wengine waliokuwa wameshuka kwenye meli juzi. Januari 1902 ghala la baruti la mradi lililipuka karibu na Park Avenue na kuua watu watano. Oktoba 1903, huko kaskazini sehemu inayoitwa Fort George, dari la handaki liliporomoka likaua wachimbaji kumi.

Ukiingia City Hall utakuta vibao vya shaba ukutani. Vina majina ya makamishna, meya, mainjinia na wenye pesa. Wachimbaji hawamo. Hebu weka hiyo pembeni, tutairudia.

Kwa nini waliifanya iwe tamu hivyo

Hapa ndipo lazima niwe fair kwa wale wasee wa zamani. Kulikuwa na sababu ya maana ya urembo huo.

Fikiria wewe ni mtu wa 1904. Chini ya ardhi kwako ni mahali pa maji taka, panya na makaburi. London walikuwa na treni za chini tangu 1863, lakini za kwanza zilitumia mvuke, kwa hivyo handaki lilijaa moshi na masizi. Sasa mtu anakuambia ulipe senti tano, ushuke ngazi, uingie shimoni. Wewe ungeshuka? Mimi ningeangalia wengine kwanza.

Kwa hivyo kazi ya stesheni ya kwanza haikuwa kubeba watu peke yake. Ilikuwa kuwashawishi. Wakawapa kazi ya dizaini wasanifu wawili, George Heins na Christopher Grant LaFarge. Walikuwa mashemeji, na walikuwa ndio wanachora kanisa kubwa la St. John the Divine hapo hapo New York. Yaani wachoraji wa kanisa ndio walichora stesheni. Ukiangalia picha za City Hall unaelewa kwa nini ndani panakaa mahali pa kusali. Hakuna kona kali. Dari ni tao baada ya tao, na unasikia kama umekumbatiwa, si kama umefukiwa.

Lakini fundi niliyempenda kwa hii story ni mwingine. Anaitwa Rafael Guastavino. Alizaliwa Valencia, Uhispania, mwaka 1842, akafanya kazi Barcelona, halafu 1881 akapanda meli kwenda Marekani na mtoto wake mdogo, naye pia akiitwa Rafael. Mtu wa miaka karibu arobaini, Kiingereza kidogo, anaanza upya. Alichobeba ni ujuzi wa kikwao, wa kujenga matao kwa vigae vyembamba.

Acha nieleze hii tao kwa sababu ni akili sana. Tao la kawaida la mawe unalijenga juu ya mbao nyingi. Kwanza fundi mbao anatengeneza umbo lote la tao, unapanga mawe juu yake, yakishikana ndiyo unatoa mbao. Gharama na muda. Guastavino anachukua kigae chembamba, karibu inchi moja tu, anakilaza kwa ubapa, anakigundisha kwa kingine kwa saruji inayoshika haraka sana. Kinashika hapo hapo hewani. Halafu kingine. Ikimalizika safu ya kwanza, anaweka ya pili juu yake kwa namna ambayo maungio hayakutani, kisha ya tatu. Mwisho unapata ganda jembamba, jepesi, ambalo halishiki moto. Mbao anahitaji kidogo sana, na mafundi wanaweza kusimama juu ya kile walichojenga jana wakijenga cha leo.

Marekani ilikuwa inaogopa moto vibaya. Chicago ilikuwa imeungua 1871. Kwa hivyo mtu anayekuja na dari la udongo uliochomwa, lisiloungua, halafu ni la bei nzuri na linapendeza, huyo anapata kazi. Na alipata. Kampuni yake na ya mwanawe iliweka matao kwenye mamia ya majengo. Yule mtoto baadaye, mwaka 1918, ndiye aliyeweka dari la ule ukumbi mkubwa wa Ellis Island, mahali wahamiaji walisajiliwa wakishuka melini. Vigae zaidi ya 28,000. Walipoukarabati miaka ya 1980 walikuta vigae 17 tu ndivyo vinahitaji kubadilishwa. Kumi na saba, buda! Mhamiaji alijenga dari ambalo wahamiaji wengine walisimama chini yake wakisubiri kuambiwa kama wataingia. Mimi chuo niliacha, na hakuna mtu alinifunza hii darasani kabla sijaacha. Niliipata nikifuata picha za stesheni moja.

Siku ya uzinduzi

Sasa turudi 27 Oktoba 1904. Hotuba zimeisha. Meya mpya ni George McClellan, mtoto wa jenerali maarufu wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Anapewa mpini wa fedha wa kuendeshea treni. Mpango ulikuwa aguse tu, treni ianze, apigwe picha, amwachie dereva.

Jamaa akakataa kuachia. Akaendesha treni yeye mwenyewe, wakubwa wote wakiwa nyuma wameshika roho mkononi, mpaka barabara ya 103, maili kadhaa kaskazini. Ukiwahi kuona mkubwa akipewa maikrofoni kwa dakika mbili akakaa nayo saa nzima, unajua hiyo roho.

Saa moja jioni wakafungulia wananchi. Zaidi ya watu 100,000 walishuka chini jioni hiyo moja. Wengine walivaa nguo za sherehe. Ule woga wa shimo uliisha usiku mmoja. Kwa hivyo ukiniuliza kama urembo ulifanya kazi, nitasema ndiyo, ulifanya kazi vizuri sana. Siku hiyo.

Halafu ikaja Jumatatu

Si Jumatatu halisi. Namaanisha maisha ya kila siku, siku ambayo hakuna bendi wala kamera, na mtu anataka tu kufika kazini.

Shida ya kwanza ilikuwa umbo lenyewe. City Hall ilikuwa mwisho wa laini. Treni ikifika hapo lazima igeuke irudi kaskazini, kwa hivyo reli ilijengwa kwa mzunguko, na stesheni ikawekwa juu ya huo mzunguko. Ndiyo maana kwenye picha inapendeza hivyo, ile kona inafanya matao yapotee polepole. Lakini treni haipindi kama nyoka. Kila behewa ni sanduku lililonyooka. Chukua rula uiweke ndani ya sufuria: ncha mbili zinagusa ukingo, katikati kunabaki nafasi. Mabehewa ya mwanzo yalikuwa na milango kwenye ncha, kwa hivyo si mbaya. Baadaye abiria waliongezeka na mabehewa mapya yakawekewa milango ya katikati ili watu washuke haraka. Sasa mlango wa katikati unafungukia wapi? Unafungukia kwenye lile pengo.

Shida ya pili ilikuwa urefu. Treni za mwanzo za kusimama kila stesheni zilikuwa fupi, mabehewa matano. Mji ukakua, treni zikarefushwa, stesheni zingine zikaongezewa urefu wa jukwaa la abiria. Jukwaa lililonyooka unaweza kulivuta mbele. Lililopinda, lenye matao juu yake, na jumba la meya hapo jirani, unalivuta kwenda wapi?

Shida ya tatu ndiyo ilimaliza kila kitu. Hatua chache kutoka hapo kulikuwa na stesheni nyingine, Brooklyn Bridge. Ya kawaida tu. Lakini pale zilisimama treni za haraka, zile zinazoruka stesheni ndogo, na ukitoka tu uko kwenye daraja la kwenda Brooklyn. City Hall treni za haraka hazikusimama. Wewe kama abiria una haraka, utachagua gani? Watu wa New York walichagua kwa miguu yao. Kufikia mwisho wake City Hall ilikuwa inapata kama abiria 600 kwa siku. Kutoka watu 100,000 jioni moja mpaka 600 siku nzima.

Uamuzi wa kuifunga haukuwa mgumu. Kuitengeneza ingekuwa pesa nyingi kwa ajili ya watu wachache ambao wangeweza kutembea dakika mbili. Wakaifunga mwisho wa 1945.

Linganisha na yule mnyama

Kuna watu watasema, "Sasa unatuambia tuache urembo, tujenge masanduku ya zege?" Hapana. Ngojeni.

Heins na LaFarge hawakufanya City Hall peke yake. Walifanya stesheni za laini yote ya kwanza, na kwa kila moja walijaribu kuweka alama yake ukutani. Stesheni ya Columbus Circle iliwekewa picha ya meli ya Columbus. Ya Fulton Street ikapewa picha ya meli ya mvuke, kwa sababu Robert Fulton alijulikana kwa hizo meli. Ya Astor Place ina mnyama anaitwa biva, kama panya mkubwa wa majini, anayetafuna mti. Mbona biva? Kwa sababu familia ya Astor ilianza kutajirika kwa kuuza ngozi za hao wanyama.

Angalia hiyo picha ya biva inafanya nini. Inapendeza, inabeba historia ya mtaa, na juu ya yote inakusaidia. Treni imejaa, huoni jina vizuri, au umefika nchini juzi na hujui kusoma Kiingereza. Ukiona biva unajua umefika, unashuka. Ni kama sisi tunavyojua mat yetu kwa graffiti na rangi kabla hatujasoma namba. Huo ni urembo unaofanya kazi kila siku. Astor Place iko wazi mpaka leo, na biva wake bado anatafuna mti ukutani.

Kwa hivyo hata wasanifu ni wale wale, mji ni ule ule, mwaka ni ule ule. Tofauti ni swali walilokuwa wanajibu. Astor Place walijibu, "Abiria atajuaje amefika?" City Hall walijibu, "Wageni wetu wa heshima watasimama wapi siku ya kufungua?" Na ndiyo maana kazi bora zaidi ya mafundi, matao ya Guastavino, shaba, vioo, vyote viliwekwa mlangoni kwa meya. Hawakuviweka huko juu kaskazini mahali mfanyakazi anashuka saa mbili usiku amechoka. Viliwekwa pale wakubwa wanatokea. Na vile vibao vya majina viko hapo hapo.

Sasa sisi

Huku kwetu kuna stage moja ninayotumia. Ilizinduliwa vizuri sana, bamba la jina la mzinduzi likawekwa, jiwe linang'aa. Paa la kivuli lilijengwa upande ambao mat hazisimami. Mvua ikinyesha tunasimama kwenye matope upande mwingine, tukiangalia paa. Sitaitaja, kwa sababu nina uhakika wewe pia una yako kichwani saa hii.

Tukizoea kukasirika tunasema tu "wamekula doh". Inawezekana, lakini City Hall inaonyesha kitu kinachouma zaidi: unaweza kuwa na mafundi bora duniani, vifaa halisi, kazi safi isiyo na nyufa miaka zaidi ya 100 baadaye, na bado ukajenga kitu ambacho watu wataacha. Ubora wa kazi hauokoi mradi kama swali la mwanzo lilikuwa la siku moja.

Kwa hivyo mimi nimejifundisha kuuliza maswali matatu nikiona mradi wa umma unapigiwa ngoma. La kwanza, treni ikirefuka itakuwaje? Yaani watu wakiongezeka, hii kitu inaweza kuongezwa au imefungwa kwenye kona yake? La pili, kuna kitu rahisi hatua chache kutoka hapa ambacho watu watakipenda zaidi? Kama kipo, kwa nini hatukukitengeneza hicho? La tatu, urembo umewekwa wapi? Uko mahali mwananchi anashika, anakaa, anasoma njia, au uko mahali kamera ilisimama?

Haya si maswali ya mainjinia. Unaweza kuyauliza ukiwa na miaka 17. Vikao vya kukusanya maoni ya wananchi vimo kwenye katiba yetu, na mara nyingi viti vya vijana huwa vitupu, halafu tunakuja kulia mtandaoni utepe ukishakatwa. Swali la kona lingeulizwa New York wakati wa michoro lingekuwa la bure. 1945 lilikuwa limechelewa.

City Hall bado ipo. Treni namba 6 ikifika Brooklyn Bridge inashusha abiria, halafu inapita ndani ya ile stesheni polepole ikigeuka kurudi kaskazini, kwa sababu ule mzunguko bado unatumika. Wanaojua hubaki ndani ya treni wakaiona dirishani: matao, vigae, giza kidogo, sekunde chache. Jumba la makumbusho la treni huko New York hupeleka wanachama wake kuitembelea. Vigae vya Guastavino bado vimeshika. Reli ndiyo kitu pekee hapo ambacho bado kinafanya kazi iliyojengewa, na hakuna hata mtu mmoja aliyeipigia makofi siku ile ya 1904.

Niambieni ya kwenu. Mtaa wako una mradi gani ambao ulizinduliwa kwa mbwembwe na leo watu wanaupita tu? Na ungeuliza swali gani kabla hawajaanza kuchimba?